Kinyume kwa Kinyume

"Zima hiyo taa," nahodha alisema, "au nimwite meneja amfukuze aliyefunga huu umeme."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, nyekundu, kwenye ubao wa swichi. Ikiwaka, basi umeme wa gatini unaingia chomboni kinyume: waya wa moto, unaoleta umeme, umekaa pa nyutro, waya unaourudisha. Mashine zitafanya kazi kama kawaida, ila unaweza kuzima swichi ya jiko, ukashika waya ukidhani umelala, kumbe uko macho.

Fundi wa boti walimwita Tesa, kwa ile bisibisi yake ya kupimia umeme, testa, isiyobanduka nyuma ya sikio. Aliyefunga umeme alikuwa mume wa dada yake. Juma lililopita, boti ikiwa nchi kavu inapakwa rangi, alibadilisha soketi zote za gati. Sasa alisimama kando ya nguzo yenye soketi, mikono mfukoni, akijitia kucheka.

"Shemeji, leo usinitese."

"Tesa ni jina la kazi, si la tabia. Sogea."

Akachomeka bisibisi kwenye soketi. Tundu la moto, bisibisi ikawaka. La nyutro, kimya. Sawasawa kabisa.

"Si nilisema!" shemeji akashusha pumzi.

"Pima tena!" nahodha akafoka kutoka juu ya boti. "Taa hii haijawahi kuwaka. Amekuja yeye na soketi zake, imewaka. Hapo kuna la kuuliza?" Akatoa simu, akampigia meneja.

Haijawahi. Neno hilo likamkaa Tesa kifuani. Iliwahi, mara moja.

Akaichomoa kebo ya kuleta umeme botini, akaketi juu ya mbao za gati, akafungua plagi. Waya wa kahawia, wa moto, ulikaa pa buluu; wa buluu, wa nyutro, pa kahawia. Kila ncha ilizungushiwa utepe, mkia wake ukakunjwa ndani kama pindo la leso. Gati zima, hakuna anayekunja hivyo ila yeye.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Soketi ya zamani ilifungwa kinyume, na nguzo haikuwa mali yake kuigusa. Akapindua kebo. Kinyume kikakutana na kinyume, taa ikazima, akajiona mjanja. Atasema kesho, alijiambia. Kesho ikazaa kesho, miaka mitatu, na boti haikulala gati jingine.

Shemeji alikuwa amempa mgongo, akimtazama meneja anayekuja. Dakika mbili zingetosha kuzirudisha nyaya na kusema soketi ililegea.

"Umeona nini?" nahodha akauliza.

Tesa aliinua plagi iliyo wazi. "Kosa langu, Nahodha, miaka mitatu sasa. Soketi ya zamani ilipinda, nami nikaipinda kebo iifuate. Shemeji amenyoosha yake. Iliyobaki imepinda ni yangu."

Nahodha alitia simu mfukoni. Alishuka, akampita, akaenda kukutana na meneja.

"Miaka mitatu, shemeji?" Mikono ya shemeji yake ilikuwa imetoka mfukoni. "Na mimi tangu asubuhi najiuliza nimekosea wapi."

"Nisamehe."

Tesa alirudisha kila waya mahali pake, akakaza skrubu, akachomeka. Shemeji, bila kuombwa, akapanda botini kuchungulia.

"Imezima," akasema.

Kule mwanzo wa gati kofia mbili, ya nahodha na ya meneja, zilikuwa zimeinamiana. Kisha zikainuka, zikageukia upande wa Tesa na shemeji yake.