Ukuta wa Fulana za Njano

Kaunti yetu ya Sumrall ilipofunga kliniki ya akina mama, tuliambiwa hazina imekauka. Paa la shule ya upande wetu lilipoanza kuvuja, hazina ilikuwa bado imekauka. Lakini ilipovuma habari kwamba tume inatoka Washington kuzunguka nchi nzima kuchagua kambi za jeshi za kufungwa, hazina ileile ikabubujika. Kaunti na mji wakachanga, wakamkodi mshawishi wa kuiokoa Kambi ya Ndege ya Dunmore. Mshawishi, kwa asiyemjua, ni mtu anayelipwa kula chakula cha mchana na wabunge na kuwanong'oneza kati ya nyama na kahawa. Wa kwetu aliitwa Prescott Lyle.

Alikuja na viatu laini, akala nguruwe wa kuchoma kwenye ukumbi wa kanisa la Baptisti, akasifu mchuzi, kisha akazungushwa kambini. Aliporudi akawaambia wakubwa kwamba Dunmore ina dosari moja tu, nayo ni nyumba za Barabara ya Jineri, pale njia ya kurukia ndege inapoishia. Jeshi halitaki watu chini ya ndege zake. Ndege huanguka, na watu hulalamika. Tume ikiona moshi wa jikoni pale, Dunmore inafungwa.

Nyumba zile zilikuwa zetu, sisi weusi. Na hatukukaa pale kwa kupenda kelele. Mwaka 1942 wanajeshi waliwapa wazazi wetu wiki mbili kuondoka, wakajenga kambi juu ya mashamba yetu ya pamba na makaburi yetu. Tukasogea hadi nje ya uzio kwa sababu hakuna mzungu wa mahali pengine aliyekubali kutuuzia ardhi. Binamu yangu Cleophus Rainey alikuwa mtoto wa miaka sita. Alimwona baba yake akipigwa kitako cha bunduki mdomoni kwa kosa la kurudi kuchukua jiko lake la chuma.

Sasa kaunti ikaanza kununua. Majirani waliuza mmoja mmoja, na siwalaumu. Nyumba zikabomolewa mpaka ikabaki ya Cleophus peke yake katikati ya matofali. Kaunti ikampeleka mahakamani, jaji akaipanga kesi isikilizwe baada ya ziara ya tume. Hapo ndipo walipochanganyikiwa.

Dwight Hutto, mwenyekiti wa baraza la kaunti na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja mwenyewe barazani kwa Cleophus. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na bakuli la karanga za kuchemsha. Tangu azaliwe Hutto hakuwahi kumwita mzee yeyote mweusi kwa heshima.

"Cleo," akasema, "usinifanye nikasirike."

"Dwight," binamu yangu akamjibu, "marehemu baba yako alikuwa anajua kukasirika. Wewe unanuna tu."

Hutto akatema mate kwenye ngazi, akaondoka. Baba yake ndiye aliyewagawia wazungu wenzake mipini ya shoka kutoka duka lilelile watupige, kiangazi kile tulipokwenda kujiandikisha kupiga kura. Mimi nina kovu la mpini mmoja juu ya sikio. Wengine hawakupata nafasi ya kuota kovu.

Tatizo ni kwamba hata ndani ya nyumba ya Cleophus hawakukubaliana. Arletta, binti yake, alikuwa mpishi kwenye bwalo la wanajeshi kambini, na mshahara ule ndio uliomnunulia mzee dawa za sukari. Jioni moja akamwuliza mbele yangu, "Baba, kambi ikifungwa tutakula nini? Huo ubishi wako?"

"Binti," Cleophus akasema, "walimhamisha babu yako kwa ajili ya kambi. Sasa wananihamisha mimi kwa ajili ya kambi hiyohiyo. Ikifika zamu yako utahamia wapi, bwawani kwa samaki?"

Arletta alisonya, akaendelea kukaanga bamia.

Siku ya ziara shule zilifungwa. Lyle alikuwa amewaagiza watu wote wasimame kandokando ya barabara kutoka uwanja wa ndege wa mji hadi lango la kambi, kila mmoja na fulana ya njano na bendera. Vijiti vya bendera viliisha, Hutto akatoa bure mipini ya shoka dukani kwake, bendera zikagongewa misumari. Mbele ya nyumba ya Cleophus walipanga watu wengi zaidi, safu nne, na kwaya ya shule, ili basi la tume lisione ukuta wala dirisha. Maagizo yalikuwa mepesi: cheka, imba, usigeuke nyuma. Weusi kwa weupe walisimama bega kwa bega. Miaka yote ile niliyohubiri umoja kwenye kaunti hii, kumbe kilichokuwa kinakosekana ni fulana.

Arletta alipangwa safu ya mbele pamoja na wapishi wenzake. Asubuhi alimwachia baba yake chai na mkate, akamsihi abaki ndani. Cleophus aliitikia kwa kichwa. Mara tu binti yake alipotoka akachukua ngazi, akapanda juu ya paa na shuka aliloliandika kwa rangi nyeusi: HAPA WANAISHI WATU. Nilimshikia ngazi. Kutoka juu shuka lile lingeonekana hata na dereva wa basi, vichwa vya watu vyote vikiwa chini yake.

Hutto alikuja na wanaume watano kupitia nyuma. Wa kwanza alinipiga begani kwa mpini wa bendera, nikausikia mfupa ukikatika kama kuni kavu, nikaanguka kwenye maua ya Arletta. Wawili wakapanda. Cleophus alimpiga mmoja teke la kifua, yule mwingine akamshika kifundo cha mguu akamvuta. Aliteleza juu ya mabati, kucha zake zikikwaruza, akaangukia mgongo kwenye matofali ya nyumba ya jirani. Shuka likamfuata.

Alijaribu kuinuka. Wakaanza. Walimpiga miguuni kwanza, kisha mikononi alipojikinga, kisha kichwani mikono ilipokuwa haikunjiki tena. Bendera zilikuwa bado zimegongewa kwenye mipini, zikipepea juu na kushuka. Alimwita mama yake, ambaye alikufa kabla Dwight Hutto hajazaliwa. Askari wa sherifu wawili walikuwa wameegemea gari lao wakila soseji.

Basi lilikuwa limeshafika. Mwalimu wa kwaya akaashiria waimbe kwa nguvu zaidi, na watoto wakaimba mpaka mishipa ikawatoka. Hapo likatokea jambo ambalo Lyle hakulipanga. Basi lilisimama, na mwenyekiti wa tume, jenerali mstaafu mrefu kama mlingoti, akashuka kuwapa watu mikono. Alipita safu ya mbele, mkono hadi mkono, Lyle nyuma yake akitabasamu kwa meno yote, mpaka akafika kwa Arletta. Wimbo ulikuwa umefika mwisho wa ubeti. Katika pumzi ile ya watoto ikasikika sauti kama ya mtu anayekung'uta zulia, na mzee akilia.

"Ni nini hicho?" jenerali akauliza.

"Mafundi," Lyle akasema. "Wanabomoa nyumba tupu."

Arletta alikuwa bado ameushika mkono wa jenerali. Aliijua sauti ile. Hakugeuka, aliukaza mkono.

"Si tupu," akasema. "Ni baba yangu. Wanampiga baba yangu."

Jenerali alitazama juu ya bega la Arletta. Kwa urefu ule aliona kila kitu, aliniona hata mimi. Aliangalia kwa muda wa kutosha. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akampigapiga Arletta begani, akasema, "Pole sana, bibi." Akampa mkono mtu aliyefuata.

Arletta akageuka. Alipasua safu zile nne kwa viwiko, akamnyang'anya mchungaji wake bendera, akafika tulipo. Hutto alikuwa amekanyaga mkono wa Cleophus kwa buti, akiwaambia wenzake basi, inatosha. Mpini wa Arletta ulimpata Hutto mdomoni. Meno yakamwagika kwenye fulana. Wa pili ulimpata sikioni, wa tatu gotini, akakaa chini kama mtoto, naye Arletta akaendelea kumpiga taya mpaka mpini ukavunjika, kisha akampiga kwa kipande kilichobaki. Wale watano walirudi nyuma. Basi lilikuwa bado linaonekana na kila mmoja wao aliogopa kuonekana. Lilipopinda kona, askari wa sherifu wakakumbuka kazi yao.

Cleophus alifia kwenye gari langu njiani kwenda hospitali, kabla hatujavuka daraja. Sherifu aliandika kwamba alianguka kutoka juu ya paa. Nyumba ilibomolewa alasiri ileile. Arletta akashtakiwa kwa kujaribu kuua. Dunmore ilinusurika, na tume ikasifu upendo wa raia kwa jeshi lao. Lyle akaongezewa mkataba.

Kiwanja kilikuwa sasa cha Arletta. Hutto, taya likiwa limefungwa nyaya, alimtuma mwanasheria gerezani: akisaini kukiuza, mashtaka yatapunguzwa, miaka kumi iwe miwili. Nilikuwa naye nyuma ya kioo alipopata ujumbe. Akakwangua meza kwa ukucha.

"Ba'mdogo," akaniambia, "kanichukulie karatasi ya kukuandikia wewe kiwanja. Halafu ukavute nyumba yako ya magurudumu, ukae pale."

"Na miaka kumi?"

"Nitapika humu," akasema. "Chakula chao kibaya."

Nilihamia wiki ile, bega likiwa bado limefungwa kitambaa. Ndege hupita chini mpaka vijiko vinagongana. Wamenivunjia madirisha mara mbili, mbwa wangu wamempa sumu, na kuna tundu la risasi juu ya kitanda. Kaunti imefungua kesi mpya, nami nimejifunza kuahirisha kesi kutoka kwao wenyewe. Juzi Odessa Pugh, mjane aliyekuwa wa kwanza kuuza, alikuja na wanawe wawili na mkate wa mahindi. Aliuliza kama kiwanja kina nafasi ya nyumba nyingine ya magurudumu. Nikawaonyesha wanawe pa kuchimba choo.