Dole la Mama Mdogo

Dole gumba la mama mdogo liliingia ofisini Jumanne saa nne asubuhi, karani akiwa anabana fomu za likizo. Lilipenya chini ya mlango, likapanda mguu wa meza taratibu, likatua kando ya pedi ya mhuri. Karani alilitambua kwa kovu la pasi. Akaliamkia shikamoo, kwa kuwa lilikuwa la mkubwa wake, akasogeza mafaili lipate nafasi.

Lilikuwa limepotea wiki tatu kabla, kwenye mashine ya kukatia maboksi. Mashine hiyo zamani ilikuwa na kinga ya chuma mbele ya kisu, mpaka meneja alipoona inachelewesha kazi, akaagiza itolewe. Agizo alilichapa karani mwenyewe. Mama mdogo, aliyemlea tangu mama yake afariki na ndiye aliyemwombea kazi pale kiwandani, alikuwa zamu siku hiyo.

Hospitali walichukua kidole cha mguu wake, wakakipandikiza mkononi. Daktari alisema mkono wameujenga upya. Mama mdogo alikifurahia.

"Bado kigeni," aliwaambia waliokuja kumjulia hali. "Nikimpa mtu mkono, chenyewe kinadhani tunaondoka."

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, macho sakafuni.

Maana wiki ileile meneja alikuwa amemwita. "Tulijenge upya tukio," alimwambia, "lisomeke vizuri huko juu." Wakalijenga. Kinga ikarudishwa, ikapigwa picha. Mfanyakazi akaandikwa kuwa alikuwa anapiga soga, akapitisha mkono pembeni ya kinga kwa uzembe wake. Karani aliandika ripoti ya kurasa tatu, akatia saini kama shahidi. Hakushuhudia chochote, ajali ilipotokea alikuwa msalani.

Tangu Jumanne ile, kila siku dole lilifungua faili la ripoti hiyo hadi ukurasa wa pili, likajipaka wino, likajigandamiza juu ya maneno "kinga ilikuwepo." Karani alifuta kwa wino mweupe. Kesho yake alama ilikuwa palepale.

"Hilo dole la nani?" meneja aliuliza, akitafuta kalamu.

"La mama mdogo."

"Lisichezee nyaraka."

"Nimeshaliambia, bosi."

Hakuwa ameliambia. Hata kulitazama aliona haya. Saa ya kula aliligeuzia mgongo.

Ijumaa mama mdogo aliitwa kuikubali ripoti. Bila hivyo asingepewa barua ya kuendelea na kliniki, na mishono ilikuwa bado mibichi. Aliisoma yote amesimama, miwani puani. Alipofika kwenye saini ya shahidi, macho yake yalikaa hapo kitambo.

"Mwandiko wako umenyooka, mwanangu," akasema. "Na nilivyokusumbua zamani juu ya mwandiko!"

Karani akamsogezea pedi ya mhuri.

Mama mdogo akabonyeza kidole chake kipya mwisho wa ripoti. Meneja akakilinganisha na alama ya siku aliyoajiriwa, akatikisa kichwa. Hicho hakimo kwenye kumbukumbu. Kiofisi, aliyetia alama hiyo ni mtu mwingine.

"Tumia lile la zamani," akasema. "Si liko hapa?"

Dole likarudi kinyumenyume, likajibanza nyuma ya stepla.

"Toka, mwenzangu," mama mdogo akaliambia kwa sauti ya chini. "Wenzako huku bado wanahitaji dawa."

Lilikaa kidogo, kisha likatoka. Karani ndiye aliyeshikilia karatasi isiteleze. Dole likajigandamiza mara moja, mahali palipotakiwa, na alama ikatoka safi, mistari yote inahesabika.

Mama mdogo akalifuta wino kwa kitambaa, kama mtu anayemfuta mtoto mdomo, akalitia mkobani pamoja na barua. Meneja akamtakia afya njema, akaenda zake. Karani akakimbilia kufungua mlango.

"Nikusindikize, mama?"

"Hapana," alisema. "Wewe una kazi."

Ilikuwa kweli. Mezani meneja alikuwa ameacha agizo jipya: kinga ya mashine ya maboksi itolewe kuanzia Jumatatu, nakala mbili. Karani alilichapa kabla ya saa ya kula, akalisoma upya tangu mwanzo, asije akawa amekosea herufi.