Themosi ya Mama Ruwayda

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa Kogo Jepkosgei, mtaani Kapsoya, kulikuwa na themosi nyekundu yenye maua meupe ambayo haikuwa yake. Kifuniko chake kilikuwa kimemeguka ukingo upande mmoja, na mshikio ulikuwa umefungwa kwa uzi wa sufu wa kijani. Kila Jumamosi aliishusha, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akairudisha palepale kati ya Biblia na redio. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka minne.

Si kwamba mwenye chombo alikuwa mbali. Duka la Hawa, au Mama Ruwayda kama mtaa ulivyomwita, lilikuwa nyumba ya tano kutoka hapo, na ukisimama langoni ungeuona mlango wake wa bluu. Lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwa bakuli, bakuli linarudi na mayai. Ukiletewa chai, themosi inarudi na uji. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenyewe kwamba ujirani umekwisha, na hilo Jepkosgei hakulitaka. Kuirudisha na kitu ndani kulihitaji neno la kuisindikiza, na neno hilo lilimshinda kulitoa. Basi themosi ikakaa.

Mjukuu wake Cynthia hakuwahi kuuliza habari zake. Cynthia alikuwa na kazi ambayo watu wa rika la Jepkosgei hawakuwa na jina lake: alitunga katuni. Yeye na Khalid, kitinda mimba wa Hawa, waligeuza chumba cha nyuma, palipokuwa pakiwekwa mahindi, wakakijaza kompyuta na waya, na humo wakatengeneza kipindi kiitwacho Ploti Saba. Kilikuwa na familia moja ya mtaani: baba mbishi, mama mwenye haraka, watoto watatu, mbuzi asiyeshiba, na Kogo, yaani nyanya, mwenye miwani mikubwa kama sahani za kikombe. Khalid alichora, Cynthia akaandika maneno. Ugomvi wa wakubwa haukuvuka kizingiti cha chumba hicho. Kijana alikuja kila asubuhi, akamwamkia Jepkosgei kwa heshima, akanywa chai yake na kurudisha kikombe jikoni.

Sauti ya Kogo wa katuni ilikuwa ya Jepkosgei mwenyewe. Yeye aliyeishia darasa la saba alikuwa sasa akisikika kwenye simu za watu mpaka Nakuru. Watoto wakimwona njiani walimwigiza, "Mimi nikisema nimesema," naye alijifanya hasikii. Lakini tangu kipindi kianze, alikuwa akienda sokoni kwa njia ndefu inayopita mbele ya shule.

Jumatano moja Cynthia alimwita chumba cha nyuma aone kipindi kipya, picha zikiwa bado hazijatiwa rangi. Alimweleza kwamba Jumamosi kingeonyeshwa katika ukumbi wa shule, na kwamba watu wa televisheni wangetoka Nairobi kukitazama. Kilikuwa kipindi cha msamaha. Jepkosgei akaketi na sindano zake za kufuma, masikio kwenye katuni na macho kwenye sweta.

Kogo wa katuni alipita karibu na ua, akamsikia jirani yake akisema, "Huyo amezeeka, hana faida tena."

"Anasema habari ya punda," Jepkosgei alisema bila kuinua macho.

Kweli, alikuwa punda. Watoto wa katuni wakaanza kunong'onezana juu ya kuwapatanisha wale wawili, Jepkosgei akasema sasa majirani hao watafungiwa stoo. Wakafungiwa. Akasema stima itapotea. Ikapotea. Akasema patapatikana picha ya zamani ndani ya sanduku, wakiwa vijana wamevaa magauni yanayofanana, na mvua itanyesha, na watalia na kukumbatiana, na mbuzi atakula keki. Khalid alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Kogo, umesoma skripti."

"Sijasoma. Nyinyi watu wa katuni mna njia moja tu ya kwenda kisimani."

Cynthia alijitetea. Alisema mambo hayo ni nguzo, mtazamaji anapenda kujua anapelekwa wapi, kama mtu anayeingia kwake gizani akijua kiti kiko upande gani. Jepkosgei hakumbishia. Alikumbuka hadithi za nyanya yake kule Chepsaita, jinsi zimwi lilivyolazimika kurudi kabla chungu hakijachemka, na jinsi watoto wangelia kama siku moja zimwi lingechelewa. Akawaambia hivyo. Nguzo si mbaya, alisema. Kisha akaweka sindano juu ya magoti.

"Lakini angalia, Cynthia. Huyu alisikia nusu neno. Yule hakusema kitu kibaya. Sasa kama hakuna aliyekosa, wanasameheana nini?"

Khalid ndiye aliyeuliza, macho yakiwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

"Na akiwa amekosa kweli, Kogo? Anafanyaje?"

Aliuliza kwa adabu, pasipo mtego. Lakini alikuwa na masikio ya mamake, madogo yaliyolala karibu na kichwa, na Jepkosgei aliyatazama. Akasema maziwa yake yanafurika jikoni. Akainuka. Jikoni hakukuwa na maziwa motoni.

Alikaa kwenye kigoda, akaangalia jiko lililopoa. Yeye alikuwa amekosa kweli. Kwa miaka mitano Hawa alikuwa ameuza dukani maziwa ya ng'ombe wa Jepkosgei, Lelgut, yule mwenye mdomo mweupe. Kisha lori la maziwa baridi likaanza kupita mtaani, maziwa yasiyoharibika mpaka jioni, na Hawa akahamia huko. Alikuja mwenyewe kumweleza, kwa upole, akiwa amesimama hapohapo mlangoni. Hata wiki iliyofuata, Jepkosgei alipolala na homa, Hawa alimtumia chai ndani ya themosi nyekundu. Chai Jepkosgei aliinywa. Lakini Jumapili, wanawake sita walipokuwa wakiosha vikombe baada ya ibada, ulimi wake ulisema: ile maziwa ya kwa Hawa, mimi siamini, ina maji.

Alisema mara moja tu. Ilitosha. Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umesikia, na kwa majuma mengi Hawa alimwaga kwenye mtaro maziwa yaliyokosa mnunuzi. Alijua lilikotoka neno. Hakuja kugombana. Aliacha tu kutuma salamu.

Miaka hiyo yote Jepkosgei alikuwa amejiita mvumilivu. Watu walimsifu kwa subira, naye aliipenda sifa hiyo. Mambo hutulia yenyewe, alijiambia, mpe jirani muda. Ilikuwa jikoni pale, swali la kijana likiwa bado masikioni, alipoona kwamba subira ni ya aliyekosewa. Aliyekosa akisubiri, anajificha.

Alfajiri alimkamua Lelgut mwenyewe. Alichuja maziwa mara mbili, akayachemsha polepole mpaka yakapanda, akayateremsha, akaisuuza themosi kwa maji moto na kuijaza mpaka shingoni. Akajifunga leso safi. Angeweza kupitia mlango wa nyuma wa Hawa, mchana, duka likiwa tupu. Lakini neno lilitupwa mbele ya watu, na lilipotupwa ndipo lingeokotwa. Akaenda saa moja, saa ya mkate, foleni ikiwa imefika nje. Wawili kati ya wale wanawake sita walikuwamo.

"Karibu," Hawa alisema, kama anavyomwambia mtu aliyeshuka tu barabarani. "Nikupe nini?"

Jepkosgei aliweka themosi juu ya kaunta. Alikuwa amelipanga neno njia nzima, na sasa lilikuja bila mpango.

"Nimeleta chombo chako, Mama Ruwayda. Na kuna neno. Nilisema maziwa yako ina maji. Nilisema kwa kanisa, na hawa wawili walinisikia. Haikuwa na maji. Nilikuwa na hasira juu ya vile uliacha yangu. Ni mimi nilimwaga ile maziwa yako kwa mtaro, hata kama mkono ulikuwa wako. Naomba unisamehe."

Mvua haikunyesha. Stima haikupotea, friji ya soda iliendelea kunguruma kama kila siku. Wale wanawake wawili walikuwa wakitazama viatu vyao. Hawa alifungua themosi, akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko kilichomeguka, akachovya ncha ya kidole. Kisha akafanya kile wanunuzi wa maziwa wanachofanya langoni kwa mkulima wasiyemwamini: aliangusha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akauinamisha. Duka zima lilitazama tone hilo. Lilisimama, mviringo, zito. Halafu likateleza taratibu likiacha njia nyeupe nyuma yake.

"Haina maji," Hawa alisema, kwa sauti ya kuwafikia walio nje.

Mtu fulani kwenye foleni alicheka, akajiziba mdomo. Jepkosgei alisimama wima. Aliona kwamba amestahili kupimwa, na tena, hata katika saa ile, aliona fahari juu ya ng'ombe wake.

"Nilinunua themosi ingine," Hawa aliendelea, akifunga themosi. "Haishiki moto hata saa mbili. Na hii ulikuwa unaipangusa, Mama Wilson?"

Mama Wilson, kwa jina la kifungua mimba wake. Kwa miaka minne Hawa hakuwa amelitamka.

"Kila Jumamosi."

"Naona." Hawa aliiweka chini ya kaunta. "Nimekusikia." Kisha akageukia foleni. "Nani alikuwa anataka mkate?"

Halikuwa ndiyo wala hapana. Jepkosgei alirudi nyumbani mikono mitupu, na juu ya kabati akaona duara safi pale themosi ilipokuwa imekaa. Cynthia alikuwa ameshapata habari kabla hajafika langoni. Alimtazama nyanya yake, akamletea kiti. Saa nne ikapita. Adhuhuri ikapita. Jepkosgei alifuma mstari uleule wa sweta mara tatu na kuufumua mara tatu.

Saa tisa Khalid aliingia akiwa amebeba themosi nyekundu kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa nzito.

"Mama amesema chombo kisikae hapa, Kogo. Anakitaka Jumamosi."

Ilikuwa chai, yenye tangawizi na iliki, tamu kupita kiasi kama Hawa alivyoipenda siku zote. Jepkosgei alimimina vikombe vitatu. Cha kwake alikinywa akiwa amewapa mgongo wale vijana.

Usiku haujaingia, Cynthia alikuwa ameubomoa mwisho wa kipindi. Stoo aliiacha, na stima, na mbuzi. Lakini sasa stima ilirudi na wale wawili bado wamenuniana, na mlango ukafunguliwa kila mmoja akaenda kwake. Msamaha ulikuja kesho yake, mchana kweupe. Ijumaa Jepkosgei alisimama mbele ya kipaza sauti akasema maneno ya Kogo mara moja. Cynthia alitaka arudie ili wapate mawili ya kuchagua. Khalid akatikisa kichwa, akasema ni hilohilo.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hawa alikuja na mtandio wake wa zambarau, akatazama huku na huku, akaja kuketi kando ya Jepkosgei. Kwenye ukuta, wale wawili walifungiwa stoo, giza likaingia, na Hawa akainama sikioni mwake.

"Sasa watakumbatiana."

"Tulia, Mama Ruwayda. Aliyeandika ni mjukuu wangu."

Hawakukumbatiana. Ukumbi ulicheka, kisha Kogo mwenye miwani akaingia dukani na chombo chekundu. Khalid alikuwa amelichora tone likijaza ukuta mzima, juu ya ukucha mkubwa kama meza. Lilipoteleza na kuacha njia yake nyeupe, hata watoto waliacha kutafuna. Watu wa Nairobi waliandika mambo kwenye madaftari yao. Jepkosgei hakuwaangalia; alikuwa akimwangalia Cynthia, aliyesimama karibu na mlango, akizungusha pete kidoleni.

Hawa alimfinya mkono. "Wameweka chombo changu hapo bila kuniuliza."

"Uliza mtoto wako. Mimi ni sauti tu," alisema Jepkosgei, akainua shingo ili walio nyuma waone ni nani.

Themosi yenyewe ilikuwa sakafuni kati ya miguu yao, nzito. Ilikuwa zamu ya uji.