Bwawa Lililong'aa Kupita Kiasi

Kioo alisimama ukingoni mwa bwawa, mikono nyuma, tumbo mbele, akingoja kusifiwa. Jina hilo la Kioo watu walimpa kwa sababu ya sakafu zake. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na sebule aliyoimwagia saruji yeye, akaisugua kwa mwiko mpaka mgeni akiinama kuvua viatu anakiona kidevu chake. Sasa alikuwa amelisugua vivyo hivyo bwawa jipya la kuogelea, nyuma ya nyumba ya shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake. Sakafu iling'aa kuanzia kwenye vidato vya kina kifupi, ikateremka na mteremko wa katikati, ikatulia kule chini penye kina kirefu, bila alama hata ya kidole.

Mjane aliitazama.

"Unaionaje, shemeji?"

"Asante, shemeji," akasema.

Neno lile lilimtoka lenyewe, kama siku zote. Tangu mumewe aage dunia, huyu mdogo wa marehemu ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba ile. Paa lilipovuja, alipanda yeye. Jirani aliposogeza ukuta, alikwenda kufoka yeye. Geti alilichomelea yeye, na funguo akakaa nazo yeye, akisema ni kwa usalama, ikawa mjane akitaka kuwahi ibada ya asubuhi inambidi aombe kufunguliwa tangu jana yake. Hakuna hata moja lililokuwa baya. Lakini mema yale yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine kama matofali, na yeye yumo ndani.

Bwawa lenyewe halikuwa la anasa. Binti yake alivunjika nyonga katika ajali, na mguu wa kushoto ukabaki wa kuburuta. Hospitali kulikuwa na bwawa dogo la mazoezi, na humo, maji yakiwa kifuani, binti alitembea bila magongo kwa mara ya kwanza, mama yake akilia ukingoni kama mtoto. Ila hospitali ilikuwa mbali na wenye shida walikuwa wengi, zamu haifiki. Kijana wake mkubwa, anayefanya kazi mbali, akasema lichimbwe bwawa nyumbani. Mtaalamu wa mazoezi akamwonya mjane jambo moja tu: sakafu isiwe laini. Mguu ule ukiteleza mara moja, nyonga iliyoungwa itaachia, na kuunga tena haitawezekana. Siku ile mjane aliinama akapapasa sakafu ya bwawa la hospitali kwa kiganja. Ilikwaruza kidogo, kama ulimi wa paka.

Ndivyo alivyomwambia Kioo kabla kazi haijaanza. Kioo alicheka mpaka akapaliwa. Alisema lipu ya kukwaruza ni ya fundi ambaye bado hajaujua mwiko, na kwamba hawezi kuacha kazi ya aibu katika nyumba ya kaka yake, watu watamwonaje. Mjane akamjibu asante, shemeji.

Na gari la maji lilikuwa linakuja kesho.

Tangu alfajiri alikuwa akimwomba Mungu ampe kauli. Sasa alipiga moyo konde.

"Shemeji, hii si itateleza?"

Kioo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuvaa suruali. "Iteleze, nimeisugua mimi? Hebu shuka uone mwenyewe."

Wakashuka. Sakafu ilikuwa kavu, na ikikauka sakafu ya namna ile haina neno. Kioo alitangulia kwa mikogo, anapiga viatu chini ili visikike. Mjane alivua ndala akafuata, mkono ukutani, na kila hatua aliyoweka salama ilikuwa inamnyima ushahidi. Walipofika chini penye kina kirefu, Kioo akamgeukia.

"Umeteleza?"

"Sijateleza."

"Basi yaishe."

Lakini hakuyaacha yaishe. Alisema shemeji bado hajauona uzuri wenyewe, yaani jinsi maji yanavyokimbilia tundu la kutolea bila kuacha hata tone. Akapaza sauti kwa binti, aliyekuwa amekaa barazani, afungue bomba. Mpira wa maji ulikuwa umelala palepale kwenye vidato. Maji yakaja, yakaukumba mteremko, yakachanganyika na vumbi la saruji lililobaki, yakawa kama maziwa mepesi. Yalikimbia kweli. Kioo aliyapungia mkono kama anakaribisha wageni, akaamuru bomba lifungwe, akaanza kupanda.

Mguu wa kwanza ulikubali. Wa pili ulikataa. Alishuka kwa tumbo, polepole, uso ukiwa na utulivu wa mtu anayejifanya amekusudia, mpaka akafika kwenye miguu ya mjane.

"Viatu hivi," akasema.

Akavua viatu. Akashuka tena. Akajaribu kwa kukimbia, akashuka upesi zaidi. Mwisho ikabidi amwombe mjane amsukume mgongoni, jambo ambalo kwa watu wazima wanaoitana shemeji halikuwa rahisi kwa yeyote kati yao, na mjane alimsukuma kwa ncha za vidole huku ametazama pembeni. Wakaanguka wote wawili. Wakapeana pole.

Kuta za upande ule zilikuwa ndefu kuwapita, nazo laini kama sahani. Ngazi ya chuma ya kutokea majini ilikuwa bado haijachomelewa. Simu ya Kioo ilikuwa kwenye koti, koti limetundikwa juu kwenye nguzo. Ya mjane ilikuwa jikoni. Kuita majirani hakukuwa na faida, kwa sababu geti lilikuwa limefungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Kioo, zinamchoma paja kila akikaa; kumrushia binti awafungulie watu hakutaka, mtaa usije ukamwona humo.

"Jua litakausha," akasema.

Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Kivuli kilikuwa kimelijaza shimo lote. Mjane aliketi chini kwenye unyevu, akainua uso. Alichokiona ni kipande cha mbingu chenye pembe nne, na kuta zinazong'aa, na ndani ya kuta zile umbo lake mwenyewe, hafifu, limekaa vilevile. Cha ajabu, hakuogopa. Aliona ni mahali anapopajua. Alikuwa amekaa hapo siku nyingi, akishukuru.

Kule juu magongo yakaanza kugonga vigae vya baraza. Binti alikuwa ameushangaa ukimya.

"Mama? Baba mdogo?" Kichwa kikatokeza ukingoni. Kwanza alicheka. "Mnacheza mchezo gani huko?"

Mjane alimweleza kwa kifupi, akamwambia arudi akae, wao watangoja pakauke. Lakini binti alikuwa na kichwa kigumu cha marehemu baba yake. Alisema kungoja ni mpaka giza, mama ana kifua, unyevu utamuumiza. Atashuka kidogo tu, anyooshe gongo, walishike. Kabla mama yake hajamaliza kusema hapana, alikuwa ameshazunguka upande wa kina kifupi, ameshavipita vidato, gongo moja limenyooka mbele linatafuta sakafu.

Lilipoigusa, lilikimbia. Gongo likaenda zake mteremko mzima, na binti akabaki ameukumbatia ukuta kwa mkono mmoja, mguu mbovu ukining'inia juu ya sakafu iliyolowa.

"Usikanyage hapo!" Kioo alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Rudi nyuma! Panateleza!"

Binti akajivuta, akakaa kwenye kidato cha juu, anahema. Maji yalidondoka mahali fulani, to, to. Mjane alilichukua gongo lililowafikia miguuni, akalilaza magotini mwake. Roho ilikuwa imemruka, akaingoja irudi. Iliporudi, ilirudi na kauli.

"Umesemaje, shemeji?"

Kioo aliangalia mikono yake. "Nimesema panateleza."

"Na kesho angekanyaga wapi?"

Kioo alimwuliza binti, kwa sauti ya chini, kama ndoo yake ya vifaa iko karibu. Ilikuwepo. Akamwomba aisukume.

Ndoo haikuhitaji kusukumwa. Iliguswa tu kwa ncha ya gongo lililobaki, ikateremka peke yake kwa kasi, ikaja kujigonga ukutani hapo walipo, tindo na nyundo vikalia ndani. Binti alijiziba mdomo. Kioo aliona anacheka, na hakumkaripia.

Alipiga magoti chini ya mteremko, akaweka ncha ya tindo juu ya saruji, akainua nyundo. Nyundo ikabaki juu.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wallahi sijawahi kupata kama hii."

Mjane aliiangalia sakafu, na kweli, ilikuwa nzuri.

"Naona," akasema. "Ni nzuri sana. Piga."

Akapiga. Kipande kikaruka, kikaacha kovu la kijivu. Akapiga tena, akaweka goti juu ya kovu, goti likakaa. Hivyo ndivyo walivyotoka: yeye mbele, kwa magoti, akiibomoa kazi ya mikono yake, na kila kishindo kikimtikisa mabega, mjane nyuma, gongo kwapani, vidole vya miguu vikitafuta kovu baada ya kovu. Makovu yalikwaruza. Alitembea akisema jina la Mungu kimoyomoyo.

Juu walikaa ukingoni wote watatu. Kioo alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimtazama shemeji yake, kidogo tu, kwa jicho la mazoea, na mjane alijua anangoja nini. Neno likamjia mpaka kooni. Akalimeza. Aliinuka akaenda jikoni kuchukua simu, akamwambia dereva wa gari la maji asije mpaka aitwe.

Aliporudi, Kioo alikuwa anaongea na miguu yake. Ataipiga tindo yote, alisema, lipu mpya ipate pa kushika, kisha atapaka ya mchanga mnene, asiisugue. Iwe kama ulimi wa huyo paka wenu.

"Ila kuta," akaongeza, "kuta hazikanyagwi na mtu."

Mjane akafikiri. "Kuta ziache zing'ae. Na funguo za geti nipe, shemeji. Asubuhi utagonga, nitakufungulia."

Alizitoa mfukoni, akazishika kidogo, kama amesahau mkono upi ndio wa kutolea. Mjane akazipokea akazitia mfukoni mwa gauni. Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na hakujua bado kama kesho, Kioo akigonga, moyo wake utamruhusu kumchelewesha hata kidogo.

Binti alikuwa amesogea tena kwenye kidato cha chini. Mama yake alitaka kumkataza, akajizuia. Binti aliliweka gongo juu ya kovu la karibu, akaliegemea kwa uzito wake wote, akangoja.

"Baba mdogo," akasema, "hapa panashika."

Kioo aligeuza uso. Kisha akaokota nyundo, akashuka kurudi shimoni, akikanyaga makovu.