Mvi za Baba Hazikuruhusiwa Kwenye Kioo

Jana usiku niliota bado niko kazini. Hilo halikunishangaza, kwa sababu kazi yangu naifanyia chumbani humu humu ninamolala, Kihonda, na kutoka kazini kwenda kitandani ni kugeuka tu.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni moja inayotengeneza simu za vitufe, zile tunazoziita viswaswadu, imeniomba niichoree picha inayotokea mtu anapowasha simu, kabla simu haijapata mtandao. Masharti ni mepesi: nyeusi na nyeupe basi, kijivu hakuna. Na mtandao ukipatikana, picha iondoke.

Ndotoni nilikuwa ndani ya kioo cha simu. Palikuwa uwanja mweupe usio na ukuta, na vitone vyeusi vimepanga foleni, kila kimoja kikisubiri kuonyeshwa pa kukaa. Kimoja, kikubwa kama ndoo, kilivaa kofia ya mlinzi.

"Wewe ndiye mchoraji?" kikaniuliza.

"Ndiyo."

"Kuna mgeni wako getini. Tumemzuia."

"Kwa kosa gani?"

"Mvi."

Nikaenda kutazama. Alikuwa baba. Baba yangu, Mzee Kiondo, tuliyemzika Same masika yaliyopita, amesimama nje ya ukingo wa kioo na shati lake la kanisani, mikono nyuma, kama mtu anayengoja zamu ya kumwona daktari. Ndevu zake zilikuwa kijivu kitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Namkunda. Hawa wanasema kijivu hakiingii."

"Ni kweli, baba. Ndiyo masharti."

"Basi yafuate. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya kidevu changu."

Sikubali. Napiga magoti, naanza kuvipanga vitone kwenye ndevu zake: cheusi, naacha nafasi nyeupe, cheusi, naacha nafasi nyeupe. Ndivyo sisi wachoraji tunavyoyadanganya macho. Vyeusi na vyeupe vikichanganyika hivyo, anayetazama kwa mbali huona kijivu. Kitone kimoja kinalalamika kwamba kukaa bila jirani kunakipa kizunguzungu. Nakiambia kitazoea. Mimi nimezoea.

Mlinzi anakagua ndevu kitone kwa kitone. Hapati kosa. Baba anaruhusiwa kuingia.

Namkimbilia nimkumbatie. Nikifika alipo, hayupo. Ni vitone tu, vyeusi na vyeupe, vinanitazama. Narudi nyuma, namwona tena, amesimama palepale.

"Usisogee, mwanangu," anasema. "Ukinikaribia sionekani."

"Sasa tutaongeaje?"

"Kwa sauti kubwa."

Basi tunaongea kwa kupaza sauti, kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Bila hata mmoja wetu kupiga hatua, uwanja unakuwa chumba changu. Kimerefuka kama uwanja wa mpira. Mimi niko dirishani, baba yuko mlangoni, mdogo kabisa.

"Unaishi na nani humu?" anapaza sauti.

"Peke yangu!"

"Majirani?"

"Wapo! Nasikia redio zao!"

Anatazama chini, kwenye kandambili zangu, moja iko mlangoni, nyingine imepinduka chini ya meza.

"Mtu akija atajikwaa."

"Hakuna anayekuja, baba."

"Hata hivyo."

Anainama taratibu, mkono kiunoni, kama alivyokuwa akiinama miaka yake ya mwisho. Nataka kumwambia aache, nitafanya mwenyewe, lakini nikisogea ataondoka.

Kitone chenye kofia kinapiga kelele kutoka darini: "Mtandao umepatikana!"

Vitone vinaanza kutawanyika, kuanzia viatuni kwake. Natafuta kitufe cha kuzimia simu ili niiwashe upya. Ukuta mzima una vitufe, vyote vimeandikwa "Sawa".

"Baba, subiri! Sijakuambia kitu!"

"Niambie haraka."

Nimekuwa na mengi ya kumwambia tangu masika. Napaza sauti: "Nimepata kazi!"

"Nimeona," anajibu. "Kazi nzuri. Ila ndevu umezidisha."

Anacheka. Kicheko ndicho kinachotawanyika mwisho.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, na redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilikaa kitandani nikiyasikiliza hadi yakaisha. Kisha nikaenda kufungua mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyolifunga mwenyewe.

Kandambili zangu zilikuwa kwenye mkeka wa mlangoni, zimepangwa pamoja, ncha zimeelekea nje. Hazikuwekwa katikati. Zilikuwa zimesogezwa kando kidogo, na pembeni yake imeachwa nafasi ya jozi nyingine.