Gunia la Vyuma

Idarusi alikuwa anasaga valvu ya tatu pale mgambo walipoteremka mtaa wa Nguvumali kuondoa gereji bubu, zile zisizo na leseni. Pembeni yake, juu ya kadibodi, injini ya pikapu ya Benedikta ilikuwa imelala vipande vipande: pistoni nne, valvu nane, vifuniko vya beringi, kila kimoja juu ya namba aliyoiandika kwa mkaa. Leo alipanga kuifunga. Kesho adhuhuri Benedikta alitakiwa kuwa Muheza kupakia machungwa yaliyokwisha chumwa, na hakuwa na gari jingine wala riziki nyingine.

"Toa takataka zako barabarani, mzee!"

"Nipeni nusu saa nivikusanye mwenyewe. Msivichanganye tu, wanangu."

Hao "wanawe" hawakusikia. Mmoja alikunja kadibodi kama mkeka, akamimina kila kitu kwenye gunia. Mwili wa injini, ule mzito uliobaki ndani ya pikapu, uliwashinda kubeba.

Kwenye ofisi ya kata alisubirishwa mpaka adhuhuri. Mtendaji, Bwana Yona, kijana ambaye Idarusi angeweza kumzaa, hakumwamkia. Alimsukumia fomu.

"Hesabu. Vikitimia, saini, chukua."

"Vimetimia, bwana mkubwa. Ila injini si kutimia tu. Pistoni inashuka, inavuta hewa na mafuta. Inapanda, inayabana. Plagi inatoa cheche, ule mlipuko unaisukuma chini, gari inakwenda. Ikipanda tena inatoa moshi. Sasa miaka yote hiyo kila pistoni imezoea tundu lake, kila valvu imekaa kwenye kiti chake. Ukiipeleka kwa jirani, pumzi inavuja. Na hivi vifuniko ukivikosea, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaliwa."

Yona alisikiliza kweli, macho yakang'aa. "Injini ya mipigo minne! Sekondari nilipata A." Kisha akajaza fomu: vyuma, gunia moja, vimerudishwa vyote.

Idarusi alichukua kalamu, akaandika chini yake: vimechanganywa. Yona aliichana karatasi bila hasira, akatoa nyingine.

"Usinichafulie fomu, mzee. Bila saini gunia halitoki."

Mwenye nguvu mpishe. Idarusi alisaini.

Benedikta alimkuta kwenye pikapu, gunia miguuni. Akaisoma ile karatasi mara mbili.

"Mbona vyote vimo? Umesaini mwenyewe. Nifungie basi, fundi."

"Nipe siku nne, Mama Queen. Nipime kimoja kimoja, vingine vinataka kuchongwa upya."

"Machungwa yatanisubiri siku nne? Ukinikwamisha, wanangu watakula hizo namba zako za mkaa?"

Mkaa wenyewe ulikwisha futika. Alifanya kazi mpaka magharibi, akaendelea baada ya alfajiri, akivipapasa vyuma kwa vidole. Vingi alivitambua. Vifuniko viwili, cha tatu na cha nne, vilikataa kutambulika. Alibahatisha, na moyo ulimuuma, maana miaka thelathini ya ufundi hakuwahi kubahatisha.

Saa nne asubuhi injini iliwaka. Benedikta alipiga makofi.

"Ona sasa! Nyie mafundi mnapenda kututisha."

Idarusi aliinamisha sikio. Ndani kabisa, kwenye silinda ya tatu, kitu kilikuwa kinagonga. Ko, ko, ko.

"Mama Queen, nakuomba. Usiende nayo, itakufia njiani."

"Nikikaa hapa si nitakufa mimi?" Hakusema kwa ukali. Alifunga kanga kiunoni, akapanda, akaondoka.

Idarusi alisikiliza ule mlio mpaka magari mengine yakaumeza. Kisha aliziweka spana zake ndani ya gunia lile lile, akalitupia begani, akaanza kutembea kuifuata barabara ya Muheza. Hakuharakisha. Alijua ataikuta pikapu njiani, imezimika.