Nafasi ya Kugeukia

Fundi umeme alikuwa amekandamiza goti kwenye mfuniko wa boksi la chuma ukutani, skrubu mbili kaziuma mdomoni, na mfuniko hautaki kufunga. Pembeni yake alisimama msimamizi wa ujenzi, ambaye mafundi walimwita Wahi kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia kutwa nzima.

"Bosi, hili boksi ni dogo," fundi alisema, baada ya kutema skrubu kiganjani.

"Dogo vipi? Mabomba yote matatu si yameingia?"

"Mabomba yameingia. Nyaya ndizo hazina pa kugeukia."

Boksi la kuvutia nyaya halina makuu. Nyaya nene zinaingia kwa mabomba ya ubavuni, zinakata kona mle ndani, zinatokea juu kwenda ghorofa inayofuata. Ili zikate kona bila kuumia, unachukua upana wa bomba kubwa, unauzidisha kwa sita, halafu unaongeza upana wa mabomba mengine yaliyo upande uleule. Mabomba yalikuwa matatu, ya inchi nne kila moja. Hapo ni inchi thelathini na mbili, hata ukipiga hesabu ukiwa na homa. Boksi alilonunua Wahi lilikuwa na inchi kumi na sita. Wahi naye alikuwa na kipimo chake: dukani alisimamisha vipande vitatu vya bomba ubavuni mwa boksi, vikaenea, akasema limetosha, akabeba sita, moja kwa kila ghorofa.

"Kaza, wahi," alisema.

Fundi akakaza. Alipaka nyaya sabuni, akazisukuma kwa mpini wa nyundo, zikajikunja humo ndani kama miguu kwenye viatu vya kuazima. Mfuniko ulikubali skrubu tatu kati ya nne. Roho ilimuuma, lakini kazi ilikuwa ya Wahi na njaa ilikuwa yake.

Jengo likaisha, watu wakahamia. Mwenye jengo alichukua ghorofa ya juu kabisa. Chumba cha chini, nyuma ya ukuta wenye boksi, alipewa mama yake fundi, mshonaji wa nguo, mjane, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Fundi mwenyewe ndiye aliyekiomba, tena kwa kubembeleza. Kilikuwa na upana wa futi kumi, hakivuji, na dirisha linaingiza mwanga wa kutosha kutunga sindano. Siku ya kuhamia fundi alicheka hadi jino la mwisho.

Ukuta ulianza kusogea mara tu umeme ulipowashwa. Mama alijua kwa sababu ya kabati, ambalo lilikuja taratibu hadi likagusa kitanda.

"Mwanangu, ukuta wako unanisukuma."

"Wangu tena, mama?"

"Kwani hilo boksi lilifungwa na nani?"

Fundi akachukua futikamba ya mama akapima. Inchi kumi na sita zilikuwa zimekwenda. Akatoka koridoni, akafungua boksi. Lilikuwa lilelile, rangi ileile, ila sasa lina inchi thelathini na mbili, na skrubu ya nne imepata tundu lake. Nyaya zilikuwa zimejilaza kwenye kona, zimejiachia, raha mustarehe. Fundi alifurahi kidogo kuziona vile, kisha akaona haya.

Alidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata boksi la ghorofa ya pili nalo likatanuka. Fundi akapanda kwenda kuwapa pole wakazi wa huko, lakini vyumba vyao havikupungua hata chembe. Walikuwa wanapanga viti. Aliposhuka alikuta cherehani ya mama imesukumwa hadi katikati ya chumba. Ndipo akaelewa. Maboksi sita, kila moja na inchi zake kumi na sita, yote yalikuwa yanadai kwa mtu mmoja. Alipiga hesabu palepale mlangoni: katika futi kumi za mama zingebaki mbili.

"Nguo usipoiachia nafasi kwapani, mtu hanyanyui mkono," mama alisema huku akipiga cherehani. "Nyaya zilibanwa. Zinataka haki yao."

"Si ziende kwa mwenye jengo!"

"Ungekuwa wewe ndiye waya, ungemsukuma nani?"

Fundi alimwendea Wahi, Wahi akamwambia ukuta ni habari ya waashi, si ya fundi umeme. Fundi akaweka boriti kuuzuia ukuta. Asubuhi akaikuta imelazwa pembeni, haina hata ufa, imewekwa kwa adabu. Mwishowe akashika swichi kuu, akaliweka jengo zima gizani mchana kweupe. Ukuta ukasimama. Wakazi wakashuka na kandambili zao, mmoja akililia nyama yake kwenye friji, mwingine akilia maji hayapandi. Wakaingia kwa mama mmojammoja, wakaona, wakasema pole mama, pole sana, jamani inasikitisha. Kisha wakawasha.

Kumhamishia mama kwake haikuwezekana. Fundi aliishi chumba kimoja na mume, watoto wanne na mama mkwe asiyelala. Hata hivyo alimwambia mama aje. Mama akaitazama cherehani, ambayo miguu yake ya chuma haikuweza tena kupita kati ya ukuta na mlango.

"Bila hii nije kwako nikawe nani? Mgeni wa kudumu?"

Akabaki. Kitanda kilitolewa vipandevipande, likaingia benchi. Zilipobaki futi mbili ukuta ukatulia, kama hesabu ilivyosema. Mama aliingia kwa ubavu, akaketi, akashona. Akitaka kugeuka alitoka koridoni, akageukia huko, akarudi ndani akiwa ameelekea upande mwingine. Wapangaji wakazoea.

"Unageuka, mama?"

"Nageuka, baba. Habari za kazi?"

Mkaguzi wa umeme alipokuja alifungua maboksi yote sita, kuanzia juu. Kila moja alilipima mara mbili, na kila mara akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi hii," alisema. "Mara nyingi nakuta wamebana, wamebana, hadi plastiki ya waya imechubuka." Wahi alisimama nyuma yake, kifua mbele.

"Mkaguzi, naomba upime na chumba hiki," fundi alisema.

Mkaguzi akachungulia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila ingia ubavu."

Hakuwa na roho mbaya. Alinyoosha futikamba yake na kupima kweli. "Futi mbili," alisema. Akamtazama mama, akautazama mlango, akakunja futikamba. "Ingekuwa waya ningewafungia jengo leo hii. Nyaya nina kanuni zake. Za mtu kugeuka sikupewa." Akampa mama mkono, akaondoka ameinamisha kichwa.

Wahi alimsindikiza hadi getini, akarudi anasugua viganja. "Fundi, jengo la pili linaanza. Nimeagiza maboksi yaleyale madogo. Kumbe yanajitanua yenyewe!" Akashusha sauti. "Ila chumba cha chini kule tukitafutie mtu mapema. Mtu mpole."

Fundi alitaka kumtukana. Alilitafuta tusi na hakulipata, na alipofungua mdomo alijisikia akiuliza kazi inaanza lini.

"Jumatatu. Wahi."

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani, "upo hapo mlangoni? Nataka kugeuka."

Fundi akauondoa mfuko wake wa vifaa njiani, akajibanza ukutani, mgongo juu ya mfuniko wa boksi. Mama akatoka na nguo ya mtu mkononi, akageuka polepole, akamshukuru, akarudi ndani.